Kunusa, kunuka na kunukia: somo la boksi la chai

Somo la wiki hii lina maneno matatu tu, yote ya pua. Tumeyafanyia kazi darasani Jumamosi iliyopita kwa kutumia boksi la chai, na nayaandika hapa kwa faida ya waliokosa, na kwa faida ya wazazi pia. Mtaona kwa nini nawataja wazazi.

Nianze na kosa. Limetokea nyumbani kwangu mwenyewe, kwa hiyo simsemi mtoto wa mtu. Msimu wa baridi uliopita mama yangu alikuja kutoka Muheza kukaa nasi. Siku ya pili tu akaingia jikoni, akapika chai ya maziwa kama apikavyo kwake, kwa iliki, mdalasini na mchaichai mkavu aliokuja nao umefungwa kwenye pindo la khanga. Mwanangu wa miaka tisa akarudi kutoka shule, akavua viatu mlangoni, akavuta pumzi ndefu, akasema kwa furaha yake yote: "Bibi, chai yako inanuka!"

Bibi akaweka kikombe chini. Akauliza polepole, "Inanuka nini, mjukuu wangu?"

Mimi, badala ya kumsaidia mtoto, nikacheka. Dada yake akacheka. Baba yake akauliza kutoka chumbani kuna nini, akasimuliwa, naye akacheka. Mtoto hakujua amesema nini. Alichojua ni kwamba amefungua mdomo kwa Kiswahili na nyumba nzima inamcheka. Tangu siku hiyo mpaka Bibi anapanda ndege, wiki kumi, alimjibu kwa kutikisa kichwa, au kwa Kiingereza ambacho Bibi hakijui. Usiku mmoja nikitoka kazini nilimkuta mama yangu hajalala. Aliniuliza, "Huyu mtoto nimemkosea nini?" Sikuwa na jibu la kumpa, maana aliyekosa nilikuwa mimi.

Sasa tuje kwenye boksi. Wenzangu wa wodini walinipa zawadi ya siku ya kuzaliwa: boksi la chai la kila mwezi, kwa miezi mitatu. Kama hamjaliona, ni biashara iliyoenea huku. Mtu analipia, na kila mwezi posta inaleta boksi lenye chai za aina tatu nne, vitafunio, na kifaa kimoja au viwili vya kunywea chai, vyote vimechaguliwa kufuata mada ya mwezi. La kwanza lilikuwa na mada ya bustani, likakaa kabatini; zamu za usiku haziachi nafasi ya kukaa na chai ya maua. La pili tulilifungua nyumbani na likaisha siku moja. La tatu, lenye mada ya siku ya mvua, nikalileta darasani likiwa halijafunguliwa.

Mkiniuliza kama ningelinunua kwa fedha yangu, hapana. Majani ya kila kikopo ni ya vikombe vichache, na karatasi za kufungia ni nyingi kuliko chai yenyewe. Lakini kwa somo lilitufaa kuliko kitabu, kwa sababu kila mtoto alitaka kujua ndani mna nini, na sheria yangu ilikuwa moja: hakuna kugusa kitu kabla ya kukitaja kwa Kiswahili.

Wakaanza. Vikopo vinne vya majani ya chai. Pakiti ya biskuti za tangawizi. Chupa ndogo ya asali. Kijiko cha mbao. Saa ya mchanga, ile ya kupindua. Na kidude cha chuma chenye matundu madogo, kinachofungwa na kuning'inia kwa mnyororo, ambacho hakuna aliyejua kukitaja. Msichana mmoja wa darasa la wadogo akasema, "Kina matundu, kwa hiyo ni kichujio." Sahihi kabisa. Kazi yake ni kuchuja, jina lake linatoka hapo hapo, na wingi wake ni vichujio. Ukilisahau jina la kitu, tafuta kitenzi cha kazi yake, mara nyingi utafika.

Karatasi ya maelezo iliita chai moja "chai tea". Watoto walicheka sana: chai chai! Neno hili Wachina wengi hulitamka "cha", likapita nchi kavu kwa Waajemi, na kwetu Waswahili likafika likiwa "chai". Waingereza wamelipata lao kwa njia ya bahari, kutoka kwa Wachina wa pwani ya kusini wanaosema "te", wakiletewa na meli za Waholanzi. Kwa hiyo "chai tea" ni kitu kimoja kimetajwa mara mbili, kila mara kwa njia yake.

Kisha tukafika kwenye pua. Tulifunga macho, na kila kikopo kikazungushwa. Hapo ndipo nilipoandika ubaoni maneno yetu matatu.

Kunusa ni kazi ya mtu. Wewe unavuta hewa kwa pua ili ujue harufu. Ninanusa, unanusa, mbwa ananusa. Kunuka ni kazi ya kitu, nacho kinatoa harufu mbaya: soksi zinanuka, samaki aliyelala anauka? La, ananuka. Kunukia pia ni kazi ya kitu, lakini kitu hicho kinatoa harufu nzuri: iliki inanukia, udi unanukia, mtoto aliyetoka kuoga ananukia. Harufu peke yake haina ubaya wala uzuri, mpaka useme harufu nzuri au harufu mbaya. Kitenzi ndicho kinachoamua, na tofauti yote imebebwa na herufi moja ndogo, "i".

Mnajua kwamba "i" hiyo tumekwisha kuisoma. Pika, pikia. Leta, letea. Soma, somea. Kwa kawaida inaleta maana ya kumfanyia mtu jambo: Mama anampikia Bibi chai. Ukifuata kanuni hiyo ungedhani kunukia ni kumnukia mtu vibaya! Lakini neno hili limekwenda njia yake, na maana imegeuka kabisa. Ndiyo sababu mtoto anayejifunza Kiswahili huku hawezi kulikisia. Lazima alisikie, tena mara nyingi. Ukitaka kulikumbuka, kumbuka manukato. Manukato ni vitu vya kujipaka au kujifukiza ili unukie, na hakuna anayelipia uvundo.

Jambo jingine lilijitokeza hapo hapo. Mvulana mmoja alitaka kusema kwamba harufu ya mdalasini imemfikia puani, akasema "ninaweza kunusa mdalasini". Hiyo ni sentensi ya Kiingereza iliyovaa kanzu. Sisi tunasikia harufu. Nasikia harufu ya mdalasini. Vile vile tunasikia baridi, tunasikia njaa, tunasikia usingizi. Sikio la Mswahili lina kazi nyingi.

Kikopo cha kwanza kilikuwa chai nyeusi kutoka Kericho. Nawaomba wazazi wa Kenya msikilize namna watoto walivyoshangaa: walidhani chai ya dukani hapa ni ya Waingereza. Nikawaambia Uingereza hununua chai nyingi kutoka Kenya, na kwamba chai ya Afrika Mashariki huuzwa kwa mnada Mombasa. Kwetu Muheza pia, ukipanda milima ya Usambara kwenda Amani, ambako Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa kilimo mwaka 1902, unapita katikati ya mashamba ya chai, kijani mpaka macho yanachoka. Kikopo cha pili kilikuwa chai ya kijani yenye asumini. Mama mmoja wa Zanzibar aliyekuwa amekaa nyuma akimsubiri mwanawe alinusa akasema, "Hii ya kutia kwenye kikuba, si ya kunywa." Cha tatu rooibos ya Afrika Kusini, nyekundu, ambayo si mti wa chai hata kidogo, ni kichaka kingine kinachoota milima ya Cederberg. Cha nne majani ya nanaa.

Tulipoonja, nikakataza neno "nzuri" na neno "mbaya". Darasa likawa kimya! Watoto wetu wanajua kusema chai ni nzuri, basi, wanaishia hapo. Lakini Kiswahili kina maneno ya ulimi ya kutosha. Chai yenye tangawizi nyingi ni kali. Ya nanaa bila sukari ilikuwa chapwa, maana yake haina ladha ya kushika. Ya Kericho tuliiacha makusudi, tukaipindua saa ya mchanga mara tatu, ikawa chungu na ikawa na ukakasi. Ukakasi ni ule unaokausha ulimi na kuukunja, kama ukila ndizi mbichi au bibo. Kwa Kiingereza watoto hawakuwa na neno la hali hiyo, nami nikafurahi kwamba neno la kwanza walilolipata ni letu. Na chai iliyofika pake, rangi, sukari na viungo vyote vimeingia sawasawa, hiyo imekolea.

Hapa familia zetu zilianza kubishana, nami nikaacha wabishane. Chai isiyo na maziwa wa Tanzania tunaiita chai ya rangi. Wa Nairobi wakasema strungi. Wa Mombasa wakasema mkandaa. Andikeni yote matatu. Tulikubaliana jambo moja tu, kwamba kwetu chai inapikwa. Majani, maziwa, sukari na viungo vinaingia sufuriani na kuchemka pamoja, kwa hiyo tunasema kupika chai. Ya boksi haipikwi. Unatia majani kwenye kichujio, unamimina maji ya moto juu yake, unasubiri.

Neno la muuguzi, kwa ufupi. Chai inaweza kumuunguza mtoto mdogo hata dakika 15 baada ya kumiminwa, basi msiiache pembeni mwa meza. Akiungua, mwagilieni maji baridi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, msipake siagi wala dawa ya meno. Na asali haifai kwa mtoto aliye chini ya mwaka 1, hata ya kulambishwa tu.

Nirudi kwa mwanangu, maana alikuwepo darasani, ameketi nyuma. Kikopo cha nanaa kilipomfikia alinusa muda mrefu. Akasema, "Mchaichai wa Bibi unanukia kuliko hii." Hakuna aliyecheka. Nikajibu tu, "Ehee, unanukia kweli," nikampa mwenzake kikopo, somo likaendelea. Nyumbani jioni aliomba simu yangu, akaingia nayo chumbani, akamtumia Bibi ujumbe wa sauti. Sikumwambia aseme nini. Jibu la Bibi lilikuja asubuhi, refu, na nusu yake ni kicheko, lakini kicheko cha namna nyingine. Bado siku nyingi ananijibu kwa Kiingereza. Ila sasa anauliza Bibi atakuja lini.

Ndiyo sababu nawaomba wazazi mfanye hivi mtoto akikosea. Msicheke, wala msimsimamishe mumrudishe mwanzo. Mjibuni kwa neno lililo sahihi, kana kwamba ndilo alilosema, kisha endeleeni na mazungumzo. Akisema "chai inanuka", sema "Naam, inanukia, nimetia iliki." Ataisikia.

Zoezi la nyumbani. Pikeni chai pamoja, ya namna ya kwenu. Kabla ya kuweka kitu sufuriani, mtoto akinuse na kukisemea sentensi moja, akiangalia ngeli: iliki inanukia, mchaichai unanukia, majani yananukia, viungo vinanukia. Kisha jazeni nafasi hizi kwa nusa, nuka au nukia:

Takataka hizi zina___, zitoe nje.
Paka ana___ maziwa kabla ya kunywa.
Mahamri ya Shangazi yana___ mpaka barabarani.
Maziwa haya yamechacha, yana___.

Mwisho, andikeni sentensi tatu kuhusu chai ya bibi, nyanya au mtu mwingine wa nyumbani kwenu, bila kutumia neno "nzuri". Mzileta Jumamosi. Kichujio na saa ya mchanga vipo kabatini shuleni, na biskuti, samahani, zimekwisha.