Dondoo muhimu: Kisukari wakati wa tibakemikali

Kabla ya dripu ya kwanza, mweleze daktari wa saratani kwamba una kisukari, na umwonyeshe dawa zako zote. Deksamethasoni, inayotolewa kuzuia kutapika, hupandisha sukari. Ukiimeza asubuhi, kipimo cha kabla ya chai kinaweza kuwa kizuri huku jioni sukari ikiwa juu sana. Basi pima mchana na jioni pia.

Ukitapika au ukishindwa kula, ipigie kliniki simu kuhusu dozi. Usiache insulini kwa uamuzi wako, hasa ukiwa na kisukari cha aina ya 1. Sukari ikishuka chini ya 4 mmol/L, koroga vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, unywe, upime tena baada ya dakika 15. Tafadhali usijinyime chakula ukidhani njaa itaiua saratani.