Nguvu za Kiume kwa Mwenye Kisukari: Vipimo Kabla ya Vidonge

Msomaji wa Tanga mwenye umri wa miaka 64, anayeishi na kisukari na kumeza dawa za presha, anauliza kama jogoo kushindwa kupanda mtungi ni uzee tu, na kama anaweza kujinunulia vidonge dukani, maana mkewe ameanza kuhisi kuna nyumba ndogo.

Uzee huchangia, lakini kuusingizia peke yake ni kuyafichia maradhi. Uume husimama pale neva zinapopeleka ishara, mishipa ya damu ikatanuka, na damu ikajaa na kuzuiliwa humo. Sukari iliyokaa juu kwa miaka huharibu neva na mishipa pia, na kwa kuwa mishipa ya uume ni myembamba kuliko ile inayoulisha moyo, tatizo hili mara nyingi hutangulia maumivu ya kifua kwa miaka kadhaa. Ndiyo maana daktari makini huuliza kwanza kama mgonjwa hupanda ngazi za ghorofa mbili bila kubanwa na kifua.

Huuliza pia kama hali ilianza polepole au ghafla, na kama uume bado husimama alfajiri, kwani mwenye nguvu alfajiri anayeshindwa kwa mkewe pengine anasumbuliwa zaidi na wasiwasi au ugomvi wa nyumbani, ingawa kwa mgonjwa wa kisukari maradhi ya mwili na wasiwasi huenda pamoja. Mke akikubali kuwapo, majibu huwa ya kweli zaidi, na shuku hupungua. Hufuata kupima presha, mapigo ya damu miguuni, hisia za nyayo, pamoja na kukagua korodani. Maabara hupima wastani wa sukari wa takriban miezi 3, mafuta ya damu, na testosteroni, yaani homoni ya kiume, ambayo hupimwa asubuhi inapokuwa juu, na ikionekana pungufu hurudiwa siku nyingine.

Dawa zote zitajwe, hata za kienyeji za kuongeza nguvu kama vumbi la Kongo. Baadhi ya dawa za presha, zikiwemo za kukojoza za jamii ya thayazaidi, huweza kupunguza nguvu, lakini kuziacha kimyakimya ni kukaribisha kiharusi. Kazi ya kuzibadilisha ni ya daktari. Vidonge vya sildenafil huwasaidia wengi, ila vikikutana na naitreti, dawa za maumivu ya kifua zikiwemo zile za kuwekwa chini ya ulimi, huweza kushusha presha hadi kuua, na muuzaji wa dukani huenda asiulize.