Kabla Hujalipa Karo ya Chuo, Keti Hapa Kidogo

Wadogo zangu, leo tuongee pesa. Nataka tuongee kuhusu pesa ya umma iliyotengewa kijana anayejifunza kazi ya mkono, maana maswali yanayonifikia kutoka hapa Kiamunyi, Nakuru, yanafanana kama watoto wa mama mmoja. Mmoja wenu ameandika hivi: "Dada, nilipata D. Kuna chuo mjini kiko orofa ya tatu, wanataka nilipe elfu ishirini wiki hii ndipo niandikishwe kozi ya uplamba. Mama ameuza ndama. Nilipe?"

Usilipe. Si wiki hii. Mwambie mama aziweke hizo pesa mahali salama, kisha unisikilize.

Serikali ya Kenya husaidia kulipia masomo ya ufundi, lakini msaada huo unategemea chuo ulichoingia na mlango ulioingilia. Ukiingia chuo cha umma cha ufundi, iwe ni chuo cha taifa kama Rift Valley National Polytechnic kwetu hapa Nakuru au zile taasisi ndogo za kiufundi zilizojengwa katika maeneobunge, na ukaingia kwa kupangiwa nafasi na KUCCPS, taasisi ya serikali inayowapangia wanafunzi nafasi vyuoni, unasimama kwenye foleni ya ufadhili wa serikali. Ukijipeleka mwenyewe chuo cha kibinafsi kwa sababu tangazo lake liko kwenye matatu, karo yote ni juu ya mama na ndama wake. Sisemi vyuo vya kibinafsi vyote ni vibaya. Viko vinavyofundisha vizuri. Ila kabla hujatoa hata shilingi, hakikisha TVETA, mamlaka inayosimamia vyuo vya ufundi, imekisajili chuo chenyewe na pia imekiidhinisha kufundisha kozi unayoitaka. Chuo kinaweza kuwa na kibali cha kufundisha kompyuta na kikakuuzia kozi ya stima.

Sasa hiyo D. Najua ilivyokuuma. Najua majirani walivyouliza matokeo huku wakijifanya wanaulizia maziwa. Lakini mdogo wangu, KUCCPS haipangii watu wa chuo kikuu peke yao. Kwa kawaida diploma ya ufundi huhitaji C-, cheti cha fundi huhitaji D, na kuna ngazi za chini ya hapo ambazo hata aliyepata E anaingia, anaanza, na anapanda ngazi moja baada ya nyingine mpaka diploma. Vyuo hupokea wanafunzi Januari, Mei na Septemba, kwa hiyo ukikosa mara moja hujapoteza mwaka mzima. Na wewe dada uliyeniandikia kwamba ulifanya mtihani zamani, ukaolewa, ukazaa, na sasa watoto wako shule: KUCCPS imekuwa ikipokea maombi ya waliofanya KCSE tangu mwaka 2000, mradi hawajawahi kupangiwa nafasi. Itafute hati yako ya matokeo pale kabatini.

Tuje kwenye hesabu. Kuanzia mwaka wa fedha wa 2018/19, karo ya mwaka katika vyuo vya umma vya ufundi ilipangwa kuwa Sh56,420. Serikali ilimlipia kila mwanafunzi Sh30,000, ambazo zilikwenda moja kwa moja chuoni. Zikabaki Sh26,420, na hizo mwanafunzi aliweza kuziombea mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi. Mwaka 2023 utaratibu ukabadilishwa. Sasa kiasi unachopewa kinategemea hali ya nyumbani kwenu: sehemu ni ufadhili, sehemu ni mkopo, na sehemu ni mchango wa familia. Mwenye dhiki zaidi anatakiwa kupata ufadhili mkubwa zaidi. Kwa hiyo ukijaza fomu ya kueleza hali ya familia, ieleze ilivyo. Wapo vijana ambao kwa kuona haya huandika kwamba baba ni mfanyabiashara, kumbe baba anauza viazi vya kuchemsha kando ya barabara na mvua ikinyesha hauzi. Kuwa na haya ni jambo jema, ila fomu hiyo si mahali pake.

Barua ya majibu ikija, isome polepole, ikiwezekana na mtu mwingine. Ufadhili haulipwi. Mkopo unalipwa. HELB iliundwa kwa sheria mwaka 1995 kazi yake ikiwa kukopesha na kudai, na inadai kweli. Riba yake ni asilimia 4 kwa mwaka, nafuu kuliko mkopo wowote utakaopata kwenye simu. Lakini ukimaliza masomo na ukatoweka, faini ya Sh5,000 kwa mwezi hujumlishwa juu ya deni, na jina lako linaweza kufika kwa wale wanaoweka orodha ya wasiolipa madeni. Kama umemaliza na hujapata kazi, usinyamaze. Wapigie, waandikie, waeleze uko wapi, muanze hata na kidogo. Deni linalozungumzwa halina ukali wa deni linalokimbiwa.

Wengi hukwamia kwenye makaratasi, na hapo nataka tukae kidogo. Unahitaji kitambulisho chako, namba yako ya KRA, barua ya kujiunga na chuo, na wadhamini wawili watakaokubali kutoa vitambulisho vyao. Kama umefiwa na mzazi, unahitaji cheti cha kifo. Halafu kuna laini ya simu, jambo dogo ambalo limewaliza wengi. Laini unayotumia kuomba lazima iwe imesajiliwa kwa kitambulisho chako mwenyewe. Nusu ya vijana wa hapa mtaani wanatumia laini waliyosajiliwa na mama walipokuwa kidato cha pili. Ukifika saiba, yule kijana anajaza kila kitu vizuri, kisha mtambo unakataa, naye anakwambia "mtandao una shida, rudi kesho." Mtandao hauna shida. Nenda kwa wakala wa simu na kitambulisho chako, usajili laini yako, ndipo urudi. Na usimwachie mtu wa saiba nywila yako. Iandike kwenye daftari, daftari likae nyumbani, kwa sababu mwaka wa pili utaihitaji tena.

Jambo jingine linalowavunja moyo wengi ni kwamba hata ukipata ufadhili mzuri, kuna gharama ambazo hakuna barua inayozitaja. Ovaroli. Buti zenye chuma mbele. Nauli ya kutoka hapa Kiamunyi kwenda mjini na ya matatu nyingine kutoka mjini kwenda chuoni, kwenda na kurudi. Chakula cha mchana. Ada ya mtihani. Vifaa vyako mwenyewe. Na zaidi ya vyote, miezi ya atachimenti, ambapo unafanya kazi ya mtu kuanzia asubuhi na mara nyingi hulipwi hata nauli. Tena pesa za serikali huchelewa. Wakuu wa vyuo wamelalamika hadharani zaidi ya mara moja kwamba mgao wa wanafunzi haukufika kwa wakati. Ukipanga maisha yako kana kwamba zitaingia siku ya kwanza ya muhula, utaacha masomo wiki ya nne.

Pesa ya ndama ni ya hapo. Mwambie mama iwe ya nauli na buti. Na kwa yale mapengo mengine kuna basari za NG-CDF, hazina ya maendeleo ya maeneobunge, na za kaunti. Uliza katika ofisi ya eneobunge na ofisi ya wadi unakoishi, na uulize mapema, kwa sababu fomu hukaa siku chache tu. Kwenye basari watu huwafikiria wanafunzi wa sekondari na wa chuo kikuu, na kijana wa ufundi hujiona hahusiki. Unahusika. Peleka barua ya chuo, barua ya chifu, na muundo wa karo unaoonyesha ulicholipa na unachodaiwa. Kama unaishi na ulemavu, Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu nalo husaidia kwa karo na vifaa, na viko vyuo vya umma vilivyojengwa mahususi, kama cha wasioona Machakos na cha viziwi Karen.

Niseme neno kuhusu kozi yenyewe. Usichague kozi kwa sababu ndiyo iliyobaki kwenye orodha. Kabla ya kuijaza, nenda chuoni siku ya kazi, siku ambayo hawakutarajii, uombe kuona karakana. Chungulia. Mashine zina vumbi la kazi au vumbi la kukaa? Hesabu wanafunzi wangapi wanazunguka mashine moja. Kama ni uplamba, muulize mwalimu akuonyeshe mashine ya kuunganishia mabomba ya PPR, yale ya plastiki ngumu. Mwanafunzi anapasha moto mdomo wa bomba na mdomo wa kiungo kwa pamoja, anahesabu sekunde chache, anavichomoa na kuvishika moja kwa moja bila kuvizungusha, kisha anatulia vikipoa mikononi mwake. Akizidisha moto, plastiki inayeyuka ndani na kuziba njia ya maji. Akipunguza, bomba litavuja miezi mitatu baadaye, vigae vikiwa vimeshabandikwa. Kazi ya aina hiyo huwezi kuijua kwa kunakili ubaoni. Ukiona watu thelathini wanatazama mmoja akifanya, tafuta chuo kingine.

Na soko? Angalia tu huku kwetu. Kiamunyi ilikuwa mashamba, leo kila kipande kina mjengo, na tangu Nakuru ilipopata hadhi ya jiji Desemba 2021 nyumba za kupangisha zinaota kila kona. Kila nyumba inataka tangi, bomba, stima, milango ya chuma. Nenda mbali kidogo mpaka Olkaria, Naivasha: kituo cha mafunzo ya mvuke cha KenGen ni miongoni mwa vituo vilivyochaguliwa chini ya mradi wa EASTRIP wa Benki ya Dunia kufundisha mafundi wa Afrika Mashariki. Mchomeleaji mzuri na fundi mitambo mzuri wana mahali pa kwenda katika kaunti hii hii.

Wasichana, na hili nalisema nikiwatazama machoni: uplamba, stima na uchomeleaji ni kazi zenu pia. Mtaambiwa mikono yenu ni laini. Msijibu, jifunzeni. Lakini mtu akikwambia atakupa nafasi ya atachimenti au atakuwekea saini kitabu chako cha kazi ukimtembelea kwake jioni, ondoka hapo, mwambie mwalimu anayesimamia atachimenti na mwambie mtu wa nyumbani siku hiyo hiyo. Hakuna cheti kinachopatikana kwa njia hiyo ambacho utakishika kwa amani.

Kwa ambaye hakufika kidato cha nne kabisa, mlango uko kwenye vyuo vya ufundi vya kaunti, vile tulivyozoea kuviita politekniki za vijiji. Katiba ya 2010 iliviweka chini ya kaunti, na karo yake ni ya chini sana. Kwa miaka kadhaa kuanzia 2017 serikali kuu ilivipa ruzuku ya Sh15,000 kwa kila mwanafunzi, na wengi walioshona sare za shule mnazoziona walipitia humo. Uliza ofisi ya wadi ni kipi kilicho karibu nawe.

Mmeniuliza pia kuhusu NYOTA. Ni mradi wa serikali na Benki ya Dunia kwa vijana wa miaka 18 hadi 29, na hadi 35 kwa wenye ulemavu, uliofuata ule wa KYEOP ambao Nakuru ilikuwemo. Una mtaji wa Sh50,000 kwa wanaoanza biashara na pia mafunzo kazini. Kuomba ni bure. Anayekutaka utume elfu moja ili jina lako "lipite" ni mwizi, hata kama ni binamu yako.

Walio kazini viwandani na kwenye mashamba ya maua, huenda hamjui kwamba mwajiri wenu anatakiwa kisheria kulipa Sh50 kwa mwezi kwa ajili ya kila mfanyakazi katika hazina ya mafunzo inayosimamiwa na NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani. Pesa hizo hazikatwi kwenye mshahara wako. Mwajiri anayelipa, akimpeleka mfanyakazi kwenye mafunzo yaliyoidhinishwa, anaweza kudai kurudishiwa gharama. Muulize karani wa wafanyakazi kwa heshima: je, kampuni yetu hudai hizo pesa? Wengine hawadai kwa sababu hakuna aliyewahi kuomba kufundishwa.

Namalizia na yule aliyeniandikia kuhusu mjomba wake, fundi wa mawe aliyejenga nusu ya ploti za mtaa huu, lakini kila kampuni kubwa ikija inamwomba cheti. Mjomba hahitaji kuketi darasani na watoto wa miaka 18. Kuna majaribio ya NITA, yanayoanza daraja la tatu na kupanda hadi la kwanza, na kuna utaratibu wa kutambua ujuzi ambao mtu tayari anao, RPL, ambapo mtathmini anampima fundi kwa kazi yake na akifaulu anapewa cheti kinachotambulika nchini. Mwambie aanze kukusanya leo: picha za nyumba alizojenga, zikionyesha kona na mistari ya mawe kwa karibu, namba za simu za watu wawili watatu aliowajengea, na barua fupi kutoka kwa mkandarasi yeyote aliyefanya naye kazi. Kisha umsindikize chuo cha umma kilicho karibu, mwulize kama ni kituo cha tathmini hiyo na ada ni kiasi gani. Nenda naye wewe mwenyewe, maana ofisi hizo zina fomu ndefu na mjomba hapendi kalamu.