SOMO LA NDEGE WA SAMAWATI NA TOFAUTI YAKE NA KWELEA

Fahamu, ndugu msomaji, ya kuwa mwenye kuamia mpunga ni mfano wa kadhi juu ya dungu lake. Teo imo mkononi, na jiwe likitoka halirudi. Basi yapasa amjue kwanza ashitakiwaye. Katika nchi ya Chumbi na bonde lote la Rufiji yuko ndege mdogo apigwaye pamoja na wezi, naye si mwizi. Wataalamu humwita kwa Kilatini Uraeginthus angolensis. Nasi katika somo hili twamwita ndege wa samawati.

SURA YAKE. Urefu wake ni sentimita 12 au 13, na uzito wake wapata gramu 10. Uso, kifua, mbavu na mkia ni samawati. Mgongo na mbawa ni rangi ya udongo. Mdomo ni wa kijivu chenye wekundu kidogo. Jike hufanana na dume, ila samawati yake ni hafifu.

CHAKULA CHAKE. Hutembea wawili wawili, au kikundi kidogo, wakirukaruka chini na kuokota mbegu ndogo za majani zilizopukutika. Kadhalika hula mchwa. Nao hawakai mbali na maji, kwani mbegu ni chakula kikavu.

KIOTA CHAKE. Dume akiposa hushika unyasi mdomoni, akarukaruka tawini huku akiimba. Na jike naye huimba. Kiota ni cha majani makavu, cha mviringo, mlango wake ubavuni. Mara nyingi hukijenga katika kichaka cha miiba, karibu na kiota cha nyigu, na adui akaogopa kusogea. Mayai ni meupe, aghalabu 4 au 5. Mchana wazazi hupokezana kuyaatamia, na baada ya siku 11 au 12 huanguliwa.

TOFAUTI YAO. Kwelea ana rangi ya kahawia yenye michirizi kama shomoro, na mdomo mnene, aghalabu mwekundu. Huja kwa maelfu, pengine kwa mamilioni, hutua juu ya masuke yenyewe, na shamba la mpunga au mtama likabaki makapi. Kumfukuza huyo ni haki ya mkulima. Lakini sumu ipuliziwayo malaloni mwake haichagui: huua kila ndege aliyelala hapo, hata na mwewe alaye mizoga yao.

Basi, ewe mwenye dungu, kabla ya kumpa mtoto teo, mfundishe alama tatu: rangi ya kifua, rangi ya mdomo, na mahali ndege anapokula. Aliye juu ya suke, na afukuzwe. Aliye chini, kifua samawati, akiokota mbegu za magugu, shamba halimdai kitu. Mwacheni ale, aende zake.