SOMO LA WIKI: Mtoto Asomee Nyumbani au Shule ya Serikali?

Maandiko ya kusoma: Kutoka 2:1-10, Matendo 7:20-22, Luka 14:28-30



Jumapili iliyopita baada ya ibada ya pili hapa Kitale, mama mmoja alinishika mkono pale mlangoni akaniuliza kama ni dhambi kumtoa mtoto shuleni. Binti yake wa Gredi ya 3 amerudi na maneno ambayo hayasemwi nyumbani kwao, na darasani wamejaa mpaka wengine wanakaa chini. Wiki hiyo hiyo ndugu mmoja wa kanisa letu la Bungoma alikuwa amenipigia simu kuhusu jambo hilo hilo, ila yeye wake wawili ameshawatoa tangu Januari. Anawafundisha sebuleni. Na katika ushirika wa nyumbani amekuwa akisema kwamba mzazi anayepeleka mtoto shule ya serikali amempeleka kwa Farao.

Basi tuanze na huyo Farao.

Yokebedi alimficha Musa miezi mitatu. Aliposhindwa kumficha, alimweka katika kisafina mtoni, na binti Farao akamchukua. Mnajua vile Bwana alifanya: mama akaitwa kumnyonyesha mtoto wake mwenyewe, tena kwa mshahara! Lakini tukifika hapo huwa tunapiga makofi na kusahau mstari wa 10. Mtoto alipokua, mama alimpeleka kwa binti Farao. Alimkabidhi. Stefano anasema katika Matendo 7:22 kwamba Musa alisomeshwa elimu yote ya Misri, na hasemi kwa kulaumu. Elimu ile Mungu aliitumia.

Lakini Waebrania 11:24 inatuambia Musa alipokuwa mtu mzima alikataa kuitwa mwana wa binti Farao. Alijuaje yeye ni wa nani? Kwa miaka ile michache alikuwa amelelewa na Yokebedi. Kwa hiyo ndugu yangu wa Bungoma, nakuambia kwa upendo, hilo neno la Farao lirudishe. Na wewe mzazi uliyefurahi kusikia hivyo, ngoja kwanza. Yokebedi alitumia miaka yake vizuri. Wewe jioni zako unazitumiaje?

Sasa tuje kwa sheria, kwa sababu wengi wanaongea bila kuijua. Katiba yetu ya 2010, ibara ya 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 30, inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule, na anayekataa bila sababu ya maana anaweza kushtakiwa. Si maneno ya kutisha watu. Mwaka 2019 mzazi mmoja hapa jirani, Kaunti ya Kakamega, alikamatwa kwa sababu watoto wake walisomea nyumbani, na jambo hilo likafika Mahakama Kuu. Wako Wakenya wanaofundisha watoto nyumbani na watoto wanafanya vizuri, tena wengine ni waumini wazuri kabisa. Lakini usiingie kama mtu anayeenda shambani kuchimba viazi. Ujue unaingia wapi.

Kuna na upande wa mitihani. Kwa mpango wa sasa, alama za kumpeleka mtoto Gredi ya 10 zinahesabiwa hivi: asilimia 20 ni KPSEA ya Gredi ya 6, asilimia 20 ni kazi za Gredi ya 7 na ya 8, na asilimia 60 ni KJSEA ya Gredi ya 9. Hizo zote husajiliwa kupitia shule. Mtoto asiye na shule popote, siku ukibadilisha mawazo, utaanzia wapi?

Luka 14:28 inasema juu ya mtu anayejenga mnara, kwamba aketi kwanza ahesabu gharama. Mimi nilisomea biashara, kwa hiyo mstari huu naupenda sana, pengine kupita kiasi. Tujaribu kuhesabu. Serikali hutuma shilingi 1,420 kwa mwaka kwa kila mtoto wa shule ya msingi. Gawanya kwa miezi 12, ni kama shilingi 118. Ni kidogo, na ndiyo maana darasa liko vile liko. Lakini ukimtoa mtoto, hata hizo hazikufuati nyumbani. Vitabu ni juu yako, na mwalimu ni wewe. Na saa za mwalimu ndizo watu husahau kuhesabu.

Hili nalisema kwa kuwa nililijaribu. Likizo moja ya Aprili mimi na mke wangu tulitaka kuona kama tunaweza. Nilichora ratiba nzuri sana ya siku kumi, saa mbili asubuhi mpaka saa sita. Nilikuwa nimeibandika ukutani. Katika zile siku kumi mimi nilifundisha nne na nusu. Kulikuwa na matanga Kiminini, kulikuwa na mgonjwa hospitali, na simu ya mchungaji haizimwi. Mke wangu alifundisha siku tatu. Mbili na nusu zilizobaki kijana alijifundisha mwenyewe, yaani alitazama katuni.

Lakini kuna kitu tulipata. Siku ya pili niligundua mtoto wangu anachanganya b na d. Alikuwa anakariri hadithi kwa kusikiliza wenzake, halafu anajifanya anasoma. Mwalimu wake hakuwa ameliona, na simlaumu, ana watoto wengi mno. Aliyepaswa kuliona ni mimi. Nilikuwa nasikiliza watu wa kanisa zima na sijawahi kumsikiliza wangu akisoma ukurasa mmoja. Siku hiyo nilitubu jikoni.

Alirudi shule ya serikali muhula wa pili. Ila tangu hapo kila jioni tuko na nusu saa, ukurasa mmoja wa kitabu cha shule na mistari michache ya Biblia, anasoma kwa sauti. Nikiwa safarini Bungoma ananisomea kwa simu, na hapo Webuye matatu yote husikiliza.

Kwa yule mama wa mlangoni: nilimuuliza kama ameshaonana na mwalimu wa darasa. Bado. Dada, nenda wiki hii, ukae naye, umwambie yale maneno ambayo mtoto anarudi nayo. Ukiona hakuna mabadiliko, kumhamisha shule si dhambi. Na kwa hali yako, ukiwa sokoni kutoka asubuhi mpaka giza, kumtoa kabisa itakuwa ni kumwachia dada wa kazi na televisheni.

Kwa ndugu wa Bungoma: sikuhukumu. Ulisema watoto wanasoma vizuri, na naamini. Lakini usijifiche. Nenda mwenyewe ofisi ya elimu ya kaunti ndogo, uulize, uwaeleze, na utafute shule itakayowasajili kwa mitihani. Ulisema ukisikia pikipiki unawaambia watoto wanyamaze. Hilo nalo ni somo unawafundisha kila siku.

Jambo la mwisho. Shule za serikali zina kipindi cha PPI mara moja kwa wiki, cha mafundisho ya dini kutoka kwa makanisa. Mlango uko wazi kabisa. Katika shule mbili ambazo watoto wetu wengi wanasoma, kipindi hicho watoto hukaa tu kwa sababu hakuna mtu amekuja. Tunahitaji watu wanne Kitale na watatu Bungoma, wenye subira na watoto na wanaoshika saa. Mwone mama mchungaji baada ya ibada, au uache jina lako kwa katibu kabla ya Jumatano.