KUTOKA DARASANI HADI UTU UZIMA: NANI AMSHIKE MKONO MWANAFUNZI MWENYE ULEMAVU?

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kuwa mkono mmoja haulei mwana. Wahenga hao hao wakanena tena kuwa manahodha wengi chombo huenda mrama. Mpenzi msomaji, huenda ukadhani methali hizi mbili zinapigana. Katika makala haya nitajaribu kuonyesha kwamba zote ni za kweli, hasa tukiitazama safari ya mwanafunzi mwenye ulemavu anapotoka shuleni na kuingia katika maisha ya watu wazima.

Kwanza, tuelewane kuhusu maneno. Wengi wetu husema "kiwete yule" bila kufikiri. Siku hizi tunahimizwa kusema "mtu mwenye ulemavu", yaani utu utangulie. Kwa hakika, sarufi yetu ilikuwa imeshalijua jambo hili. Nomino kama kiziwi, kipofu na kiwete huanza kwa ki- kama vile kiti na kikombe, lakini hakuna mwalimu atakayekubali uandike "kiziwi hiki kimekuja". Tunasema "kiziwi huyu amekuja". Basi huyo ni mtu, na mtu hukua. Atafika miaka 18, atachukua kitambulisho, atataka kazi na nyumba yake mwenyewe. Je, nani anamtayarisha?

Ukichunguza utaona kwamba wasaidizi hapa Kenya si haba. Hebu tuwataje.

Kwanza kuna shule, ambayo iko chini ya Wizara ya Elimu. Wizara hiyo ina pia vituo vya kuwapima watoto na kutoa nyenzo za elimu, ambavyo vilianza mwaka wa 1984. Pili, kuna hospitali ya umma, ambapo madaktari humpima mtu na kuthibitisha ulemavu wake. Nyingi za hospitali hizi zinaendeshwa na serikali za kaunti. Tatu, kuna Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu. Baraza hili liliundwa kwa sheria ya mwaka wa 2003, na sheria hiyo ikabadilishwa kwa nyingine mpya mwaka wa 2025. Baraza humwandikisha mtu na kumpa kadi. Aidha, kuna hazina ya kusaidia karo, vifaa kama viti vya magurudumu, na hata vyombo vya kuanzia kazi.

Nne, kuna vyuo. Wasioona wana chuo chao cha ufundi Machakos, na viziwi wana chuo cha Karen, Nairobi. Kuna pia Nyang'oma kule Siaya, na Sikri katika Kaunti ya Homa Bay. Vyuo vidogo vya ufundi vya vijijini navyo viliwekwa mikononi mwa kaunti na Katiba ya mwaka wa 2010. Tano, kuna waajiri. Sheria ya mwaka wa 2025 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi atenge angalau asilimia 5 ya nafasi za kazi kwa watu wenye ulemavu.

Naam, ukisoma orodha hiyo utasema mambo ni shwari. Shida iko wapi basi? Shida ni kwamba kila msaidizi ana mlango wake, na milango haijuani. Shule ni ya wizara moja, Baraza liko chini ya wizara nyingine, hospitali na chuo cha kijijini ni vya kaunti. Siku mwanafunzi anapomaliza Kidato cha Nne, mwalimu anayemfahamu humwachilia, na hakuna mwingine aliyeandikiwa kumpokea.

Katika mtaa wetu yuko kaka mmoja kiziwi ambaye alimaliza shule akiwa na hamu ya kusomea useremala. Alienda chuoni, akaambiwa alete kadi. Alienda kutafuta kadi, akaambiwa alete fomu ya hospitali. Hospitalini akaambiwa daktari anayehusika hayupo, arudi wiki ijayo. Kila safari ilibidi mama yake afunge kibanda cha mboga ili akamtafsirie, kwa sababu maofisini hakukuwa na mtu anayejua lugha ya ishara. Siku isiyouzwa mboga ni siku ya kulala njaa, na nauli ya matatu haina huruma. Kadi ilipopatikana hatimaye, muhula ulikuwa umeshaanza na nafasi zimejaa. Leo hii kaka huyo anasukuma mkokoteni wa maji. Cha kushangaza ni kwamba hakuna aliyemfukuza! Kila mmoja alimwambia tu "sio hapa", akamwelekeza kwa mwenzake.

Hapo ndipo methali ya manahodha inapoingia. Wasaidizi wengi si tatizo. Tatizo ni wasaidizi wengi wasio na nahodha.

Wenzetu wa Marekani walijaribu kulitatua jambo hili kwa sheria. Tangu mwaka wa 1990, sheria yao ya elimu ya wanafunzi wenye ulemavu inazitaka shule zimpangie mwanafunzi maisha ya baada ya shule. Kwa sasa mpango huo lazima uwe tayari anapofikisha miaka 16, umri ambao ninao mimi ninayeandika. Mwanafunzi mwenyewe hualikwa kwenye mkutano, aseme anataka kuwa nani. Shule, kwa idhini ya mzazi, hualika pia idara ambayo huenda ikamhudumia au kumlipia baadaye. Na idara hiyo isipotimiza ilichoahidi, shule hulazimika kuita mkutano tena na kutafuta njia nyingine. Sisemi kwamba Marekani ni peponi. Ninachosema ni kwamba pale shule ndiyo nahodha, na kazi huanza mapema kabla ya kengele ya mwisho kulia.

Je, sisi wa shule ya kutwa tunaweza nini? Tunaweza mengi, tena bila kungoja pesa kutoka Nairobi.

(a) Mwalimu wa ushauri nasaha awe nahodha. Afungue faili moja kwa kila mwanafunzi mwenye ulemavu kuanzia Kidato cha Pili. Ndani mwake kuwe na fomu ya hospitali, nakala ya kadi na barua za vyuo.

(b) Kadi itafutwe mapema, sio baada ya mtihani. Asiyekuwa na kadi afikapo Kidato cha Tatu ajulikane.

(c) Siku ya wazazi, shule iwaalike pamoja afisa wa Baraza, mtu wa hospitali, mwalimu wa chuo cha ufundi na mwajiri mmoja wa mjini. Wakae meza moja, ili mzazi amalize kwa siku moja yale ambayo yangemchukua miezi.

(d) Mwanafunzi mwenyewe aulizwe kwanza. Tusimchagulie ushonaji ati kwa sababu hatembei, kumbe yeye anapenda hesabu.

(e) Sisi wanachama tujifunze lugha ya ishara, japo salamu na tarakimu. Katiba yetu inaitambua, na Bunge linaitumia pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Mbona chama cha lugha kisiitambue?

Wanafunzi wenzangu na walimu wetu wapendwa, kulemaa si kushindwa. Mara nyingi anayeshindwa ni yule aliyeachwa njiani kati ya ofisi mbili. Mikono ya kumlea tunayo. Tuchague nahodha.

MASWALI YA KUJADILI CHAMANI
1. Eleza jinsi methali mbili zilizotajwa zinavyokubaliana.
2. Taja wasaidizi watano waliotajwa. Ni yupi aliye karibu zaidi na shule yetu?
3. Tunga sentensi tatu ukitumia kiziwi, kipofu na kiwete kwa upatanisho ufaao.