Michezo ya Vijana Siku za Masika

Mvua za Machi hata Mei zishukapo Uluguru, njia huteleza na vijana hukaa ndani. Twajua hatari ya siku hizo: kijana asiye na la kufanya huvutwa na kilabu cha pombe. Basi tuwape mafundisho, tuwape na mchezo. Nabii Zakaria (8:5) ahesabu watoto wachezao kuwa dalili ya amani ya Yerusalemu.

Mchezo ulio karibu nasi ni vitendawili. Wagaweni vijana makundi mawili. Mmoja aseme, “Kitendawili!” Wenzake wajibu, “Tega!” Naye atege: “Nyumba yangu haina mlango.” Wakitambua, watasema, “Yai.” Wakishindwa, wampe mji, naye akiisha kuupokea awafumbulie.

Lakini pasiwe na dau. Samsoni alitega kitendawili kwa mavazi (Waamuzi 14), na mwisho wake watu 30 wa Ashkeloni waliuawa. Kitendawili hakikuwa kosa. Dau na hila ndivyo vilivyoharibu karamu. Vivyo hivyo bao: kete zake ni mbegu, na zibaki mbegu, zisigeuke shilingi.

Tena asichekwe aliyeshindwa. Itazameni desturi ya wazee wetu: asiyejua hutoa mji wa maneno tu, kisha huambiwa jibu. Hafukuzwi, hufundishwa. Nasi tulipokuwa hatujui, Bwana hakutufukuza. Kijana aliyepokewa hivi jioni ya mvua, Jumapili hatahitaji kutafutwa.